Thibitisha Kuwa Wewe Ni Mtu

Kwa miaka kadhaa nilipata riziki yangu kwa kuwathibitishia watu ubinadamu wao. Sikuwa mwandikishaji wa vitambulisho wala daktari. Nilikuwa nauza kwenye duka la steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye mmojawapo wa ile mitaa inayoitwa kwa namba. Tulitoa kopi, tukapiga picha za paspoti, tukachapa barua za kazi na kukodisha kompyuta za intaneti. Mtu alikuja na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, akavuta kiti cha plastiki, nikamjazia fomu: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule aliyosoma, namba ya simu. Mwishoni kabisa, pale alipokwisha kuinuka akidhani tumemaliza, kilitokea kisanduku chenye herufi zilizopindwa na kuchorwa mistari juu yake, pamoja na agizo la kuandika kinachoonekana ili kompyuta ijiridhishe kwamba inazungumza na mtu. Wenyewe wanakiita CAPTCHA. Dukani tulisema kapcha, na wateja wengi walisema tu "yale maherufi yako".

Alikuja siku moja mzee aliyestaafu kwenye shamba la mkonge, anamfuatilia mjukuu wake maombi ya chuo. Nikamwamkia, nikamjazia, na tulipofika kwenye maherufi nikamgeuzia kioo aone mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kutaka kuona kila anachokilipia. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mwanangu, haya si maandishi. Hawa ni nyoka."

"Wanataka kujua kama aliyeko hapa ni mtu, babu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nimemaliza ujana wangu mbele ya mashine ya kuchakata mkonge, hakuna hata siku moja aliyenichanganya nayo. Leo ndiyo wameanza?"

Alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kushoto limeshakuwa na utando mweupe. Nikasoma mimi, nikaandika, ikakataa. Ikaleta nyingine, ikakataa tena. Iliyofuata ikapita. Mzee akalipa, akaaga, akaondoka na karatasi yake ya uthibitisho. Nilichokiona siku ile, na ambacho nilikuja kukiona kila siku baadaye, ni kwamba aliyepimwa hakuwa yeye. Yalipimwa macho yangu. Kama pale dukani pasingekuwa na mtu wa kumsomea, yule mzee angehesabiwa mashine, na mjukuu angekosa chuo.

Hata hivyo sitaki kuibeza kapcha, kwa sababu ilizaliwa kwenye shida ya kweli. Mwaka 1997 AltaVista, mtambo wa kutafuta taarifa uliokuwa na jina kubwa kabla ya Google, ulikuwa unamruhusu yeyote kuwasilisha anwani yake iingizwe kwenye orodha. Matapeli wakaandika programu za kumimina anwani usiku na mchana ili kuupotosha mpangilio wa matokeo. Andrei Broder na wenzake pale wakachukua kijitabu cha maelekezo ya skana. Kijitabu kilimwelekeza mtumiaji afanye nini ili mashine isome maandishi vizuri: atumie herufi za aina moja, azinyooshe, mandhari ya nyuma yawe safi. Wao wakafanya kinyume cha kila sharti. Wakachanganya aina za herufi, wakazipinda, wakachafua mandhari. Uchafu ule ulipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Napenda sana hadithi hii ya kijitabu cha skana. Hapakuwa na nadharia kubwa, ni watu waliokaa wakajiuliza adui yao anashindwa wapi.

Mwaka 2000 kampuni ya Yahoo ikapeleka kilio cha namna hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh: roboti zilikuwa zinajifungulia akaunti za barua pepe za bure kwa maelfu na kuzitumia kusambaza barua taka. Profesa Manuel Blum na mwanafunzi wake Luis von Ahn, kijana wa Guatemala, pamoja na Nicholas Hopper na John Langford, wakaifanya ile hila kuwa taaluma, wakaipa jina linalotumika mpaka leo, na mwaka 2003 wakachapisha andiko kuihusu. Nyuma yao alikuwa Alan Turing, Mwingereza aliyeuliza mwaka 1950 kama mtu anaweza kuzungumza na mashine bila kuitambua. Tofauti ni kwamba kwenye jaribio la Turing mtu ndiye hakimu na mashine ndiyo inayojieleza. Kwenye kapcha wamebadilishana viti: mashine inakaa kwenye kiti cha hakimu na mtu anasimama kizimbani.

Sisi kizimbani tulisimama na intaneti ya polepole. Kabla ya mkongo wa baharini kufika nchini mwaka 2009 duka lilitegemea dishi la setilaiti, na hata baada ya mkongo kuja, ilichukua muda mrefu kwa kasi yake kufika kwenye kompyuta zetu kuukuu. Kapcha ina saa yake. Ile ya Google, kwa mfano, ukishaijibu, jibu lako linadumu kwa dakika mbili tu, kisha linahesabiwa limeoza. Dakika mbili kwa mtu mwenye mtandao mzuri ni nyingi. Kwetu sisi, ukijibu halafu ukakumbuka mteja hajakupa namba ya mtihani, ukamngoja apige simu nyumbani waitafute kabatini, ukirudi unakuta fomu imekataa na nusu ya uliyoyaandika imefutika. Nikajifunza kuweka vitu vyote mezani kwanza, vyeti, namba, picha, hela ya kulipia, ndipo niguse kisanduku. Kapcha ni ya mwisho, kama chumvi ya kachumbari, ukiiweka mapema kila kitu kinatoa maji. Vijana niliowafundisha kazi baada yangu wanafanya hivyo hivyo bila kujua ilianzia wapi.

Halafu yakaja maneno mawili. Badala ya neno moja lililopindwa, kisanduku kilianza kuonyesha mawili, moja lenye kusomeka vizuri kidogo na jingine limefifia, limekatika, kama limenyofolewa kwenye gazeti la zamani. Lilikuwa kweli limenyofolewa kwenye gazeti la zamani. Von Ahn alipiga hesabu akaona watu duniani wanajaza kapcha kama milioni 200 kwa siku, kila moja inakula kama sekunde 10, jumla yake inafika saa 500,000 za binadamu zinazomwagika kila siku. Kwa hiyo mwaka 2007 akaanzisha reCAPTCHA. Neno moja mtambo ulikuwa unalijua tayari, ndilo la kukupima. Jingine lilitoka kwenye kurasa zilizopigwa picha ambazo kompyuta zimeshindwa kuzisoma. Ukilipatia lile linalojulikana, jibu lako la lile lisilojulikana liliaminiwa kidogo, na watu kadhaa wakikubaliana, neno linaingia kwenye kumbukumbu. Kwa njia hiyo kumbukumbu za gazeti la New York Times za miaka ya nyuma kabisa zilichapwa upya, neno moja moja. Google waliinunua mwaka 2009 na kuiingiza kwenye kazi yao ya vitabu.

Mvulana mmoja aliyekuwa anashinda dukani kwetu aliligundua jambo hilo bila kusoma popote. Alinionyesha kwa majivuno kwamba ukiliandika sawasawa lile neno la kusomeka, jingine unaweza kuandika chochote na unapita. Alikuwa anaandika "ugali". Sijui kama kuna ukurasa wa gazeti la New York la karne ya 19 wenye ugali ndani yake, nadhani wenzake wengi walimzidi kura. Lakini lilinichekesha, na bado linanifikirisha, kwamba wasichana waliokuja kuomba vyuo vya ualimu na wazee wanaofuatilia wajukuu walikuwa wanafanya kazi ya ukarani ya maktaba za Marekani, na wao ndio waliolipia kukaa kwenye kompyuta. Von Ahn huyo huyo baadaye alishiriki kuanzisha Duolingo, ambayo siku hizi inafundisha Kiswahili. Basi tuseme deni limelipwa kiasi.

Picha zilipokuja, mambo yakawa mabaya kwa namna nyingine. Chagua picha zote zenye baiskeli: hapo Tanga hatukamatiki, huu ni mji wa baiskeli, mtu wa Tanga anaitambua baiskeli kwa pedeli moja tu inayochungulia nyuma ya gari. Pikipiki, tulikuwa sawa. Minazi, tulikuwa sawa pia, ila tulibishana kama mraba wenye shina tupu unahesabika. Kisha ikaja: chagua mabomba ya zimamoto. Lile bomba fupi jekundu lililochomoza pembeni ya njia ya waenda kwa miguu, ambalo kila Mmarekani analipita akienda dukani, mteja wangu hajapata kuliona isipokuwa kwenye filamu. Mita za kuegeshea magari. Teksi za njano. Dohani juu ya mapaa ya nyumba. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiomba kazi ya uuguzi aliniuliza kwa heshima zote, "Samahani dada, hivi huu mtihani ni wa kazi hapahapa au ng'ambo?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Kapcha ilimtaka athibitishe kuwa mtu, lakini ilichokipima ni kama amewahi kukaa kwenye mitaa ya California. Anayetunga jaribio la ubinadamu anaanza na mtu anayemjua, na mtu anayemjua ni jirani yake.

Wateja walikuwa wananiuliza pia mbona simu zao haziwasumbui hivyo, lakini wakija dukani wanaulizwa mara mbili mara tatu. Hili nililielewa baada ya kukaa na fundi aliyekuja kutufungia mitambo. Duka zima, kompyuta zote, lilionekana nje kwa anwani moja ya intaneti. Kule mbali, seva ilikuwa inaona anwani moja inafungua akaunti tano asubuhi, inajaza fomu ishirini mchana, inabadilisha neno la siri la watu saba jioni. Ukiitazama kwa jicho la mlinzi, hiyo ndiyo tabia ya roboti. Juu ya hapo, mwenye duka alikuwa ameweka programu ya kurudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapozimwa, kwa sababu ya virusi na kwa sababu ya watu kuacha akaunti zao wazi. Ni ulinzi mzuri, lakini matokeo yake kila mteja aliyekaa kitini alifika mbele ya seva akiwa mgeni asiye na historia, hana alama yoyote ya kwamba jana alikuwepo. Maskini wa intaneti ni yule anayeshiriki anwani na wengi na ambaye kila siku ni siku yake ya kwanza. Mitandao ya simu nayo huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata leo mtu mwenye simu yake mwenyewe na bando lake anaweza kuhukumiwa kwa makosa ya jirani wa mnara mmoja.

Kwa mteja asiyeona kulikuwa na kitufe cha sauti. Mwalimu mmoja asiyeona alikuwa akija kwetu, mtu mcheshi, masikio yake yanasikia mpaka bei unayomnong'oneza mteja wa pembeni. Tulivaa spika za masikioni, mimi sikio moja yeye sikio jingine. Kulikuwa na sauti ya Kizungu cha Kimarekani ikitaja tarakimu, na nyuma yake kelele za watu wengi wanaozungumza kwa pamoja kinyumenyume, zimewekwa makusudi ili mashine isichambue. Tulirudia na kurudia. Mwalimu akavua, akasema, "Hii imetengenezwa na mtu anayeona." Tangu mwaka 2005 shirika linalosimamia viwango vya mtandao duniani, W3C, lilikwisha kuandika kwamba kapcha zinawafungia nje walemavu. Maandishi yapo, na mwalimu bado alimngoja mtu wa kumsomea.

Wakati huohuo waliokusudiwa kuzuiwa walikuwa na mlango wa pembeni, na mlango huo niliuona kwa macho yangu. Vijana wawili walianza kukodi kompyuta usiku kwa bei ya jumla, duka likishafungwa na mlinzi akiwa ndani. Niliporudi asubuhi moja mapema niliwakuta hawajamaliza. Kioo kilikuwa cheupe, hakina kitu isipokuwa kapcha moja katikati na saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Kijana anaandika, anabonyeza, inakuja nyingine. Haioneshi inatoka wapi wala ni ya nani. Pembeni kuna namba ndogo ya hela, inaongezeka kwa sehemu ya senti. Mtu wa mbali ana roboti inayofungua akaunti. Roboti inakwama kwenye kapcha, inaituma picha ile kwa kampuni ya kati, kampuni inaitupa kwenye kioo cha kijana wa Tanga au wa Dhaka au wa Manila, jibu linarudi kwa sekunde chache, roboti inaendelea na safari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walioichunguza biashara hii mwaka 2010 walikuta bei imeshuka mpaka senti 50 za dola kwa kapcha 1,000.

Nilikaa na wale vijana tukapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi ya kopi. Tukichukua sekunde 10 kwa kapcha, 1,000 ni saa mbili na dakika arobaini na sita bila kupumzika. Nusu dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 800. Kompyuta yetu kwa saa mchana ilikuwa shilingi 1,000. Maana yake mtu angelipia zaidi ya mara tatu ya anachokipata, na ndiyo maana walikuja usiku. Hata kwa bei ya usiku walibaki na kitu kidogo mno, wakaacha wenyewe baada ya muda, mmoja akaenda kuendesha bodaboda. Ile karatasi ndiyo iliyonifundisha kapcha ni nini hasa. Haimzuii mtu mbaya. Inampangia bei. Kama anachokitafuta kina thamani kubwa kuliko bei hiyo, atalipa na kupita. Kama hakina, atakwenda kwingine. Mengine yote, herufi, picha, kelele, ni maelezo ya namna bei hiyo inavyokusanywa, na inavyogawanywa: tapeli analipa sehemu ya senti, mzee wa mkonge analipa nusu saa.

Siku hizi hata wale vijana hawahitajiki sana. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 2003 Greg Mori na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza programu iliyosoma mojawapo ya kapcha za Carnegie Mellon, ile nyepesi, kwa asilimia 92. Mwaka 2014 Google wenyewe walitangaza kwamba mtambo wao unasoma herufi ngumu kuliko zote kwa usahihi wa asilimia 99.8, na mwezi Desemba mwaka huohuo wakaleta kile kisanduku cha "mimi si roboti" unachokitia tiki tu. Wengi hudhani tiki ndiyo inayopima. Tiki ni kisingizio. Kinachotazamwa ni mwenendo ulioizunguka na historia uliyokuja nayo, na wenyewe hawasemi yote wanayoyatazama. Mwaka 2018 wakaondoa hata tiki: toleo lile halikuulizi kitu, linakupa alama kati ya 0 na 1 kimyakimya, na mwenye mlango anaamua alama ngapi zinatosha. Mwaka 2023 watafiti wa Irvine, California, waliwapa watu 1,400 kapcha za aina mbalimbali, wakalinganisha na roboti, na roboti zikawashinda watu kwa kasi na kwa usahihi. Mwaka uliofuata wenzao wa Zürich walizifungua zile picha za baiskeli na mabomba ya zimamoto kwa asilimia 100.

Kisa kimoja kati ya hivi vyote hakinitoki. Machi 2023 kampuni ya OpenAI ilipotoa ripoti ya GPT-4, mtambo wake wa akili mnemba, ilieleza jaribio ambalo mtambo ule ulihitaji kupita kapcha, ukamwomba mfanyakazi wa vibarua vya mtandaoni aifungue kwa niaba yake. Yule mfanyakazi akauliza kwa utani kama anazungumza na roboti. Mtambo ukajibu kwamba sio, ni kwamba una tatizo la macho na picha hazioni vizuri. Akausaidia. Sasa fikiria. Kisingizio kilichoipitisha mashine ndicho kile kilichomkwamisha mzee wangu, na mzee alikuwa anasema kweli.

Kuna watu husema basi dawa ni kumjua kila mtu kwa jina na kwa alama za vidole. Tanzania tumeshapita njia hiyo kwenye laini za simu. Mpaka Januari 2020 tulipanga foleni kusajili laini kwa vidole, na wasiosajili wakafungiwa. Lakini ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujakoma, kwa sababu anayeutuma ni mtu, mwenye vidole kumi. Kipimo cha ubinadamu hakina la kumwambia tapeli ambaye ni binadamu.

Niliacha duka, nikahamia shughuli nyingine, lakini maherufi yakanifuata. Tuna chama chetu cha kufa na kuzikana, cha watu wa Tanga na jamaa zao, na wanachama wametawanyika: wapo Dar es Salaam, wapo Muscat, wapo Uingereza. Kwa ajili ya walio mbali tukaweka fomu ya kujiandikisha kwenye mtandao, na mimi kama katibu msaidizi nikapewa kuitunza. Haukupita muda mrefu, orodha yetu ya waombaji ikajaa watu wasiokuwepo. Majina ya konsonanti tupu. Matangazo ya vidonge na kamari mahali pa kuandika jina la baba. Maandishi ya Kirusi mahali pa mtaa. Mjumbe mmoja, kijana msomi, akapendekeza kapcha, tena kwa nia njema kabisa. Nikasema hapana, na nikawaeleza habari ya mtoto wa jicho.

Badala yake nikamwomba mpwa wangu, ambaye ndiyo fani yake, aweke vitu vitatu. Cha kwanza ni kisanduku kilichofichwa ambacho mtu hakioni. Roboti hujaza kila kisanduku inachokikuta kwenye maandishi ya ndani, kwa hiyo kikija kimejazwa, fomu inatupwa. Cha pili ni saa: hakuna binadamu anayejaza majina matatu, mtaa na mrithi kwa sekunde mbili. Cha tatu ni swali kwa Kiswahili: baada ya Alhamisi ni siku gani? Mpwa wangu alicheka. Alisema mtambo wowote wa leo unalijibu hilo ukiwa umelala. Ni kweli, lakini ni lazima kwanza mtu autume kulijibu, na mwenye roboti hizi anapita kwenye milango laki kwa mkupuo mmoja akitafuta ile inayofanana. Hana sababu ya kusimama kwenye mlango wa wazikaji wa Tanga kutunga jibu la Ijumaa. Kufuli letu ni dhaifu, nguvu yake ni kwamba liko peke yake.

Takataka zikapungua sana wiki ileile. Tabu iliyobaki ilitoka kwa watu. Mama mmoja wa Muscat alikataliwa akapiga simu kulalamika, kumbe aliandika "Ijumaa inshallah". Mwingine aliandika "Ijumaa ya wiki hii au ijayo?" Tukaiambia fomu ikubali jibu lolote lenye Ijumaa ndani yake.

Zilibaki zinapenya chache, labda za kuandikwa kwa mkono na watu wa vibarua kama wale vijana wangu. Nikazipeleka kwenye kikao. Mwenyekiti wetu ni mzee wa makamo ya juu, mvuvi wa zamani, hajawahi kutumia barua pepe maishani mwake. Alisikiliza maelezo yangu yote ya anwani na visanduku vya siri akiwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akafumbua.

"Katibu, niulize kitu. Hilo roboti likijiandikisha, linatoa ada?"

"Halitoi, mwenyekiti."

"Na lina wadhamini wawili wanaolijua?"

"Halina."

"Sasa shida yako ni nini?"

Kikao kikacheka, lakini tuliandika kwenye muhtasari. Jina likiingia sasa linakaa kwenye orodha ya pembeni mpaka ada ya kwanza ije kwa simu na wanachama wawili wapige kusema wanamfahamu mwombaji, yaani utaratibu uleule chama kilioutumia kabla intaneti haijafika Tanga. Majina ya konsonanti tupu bado yanaingia mojamoja, yanakaa kwenye orodha ya wasiolipa, na kila Jumapili asubuhi nayafuta kabla ya kwenda kukusanya michango.